Mamangu hataki kitu kitoke gereji, na gari langu lalala nje

Asalaam aleikum Shangazi,

Mimi ni kijana wa Tudor hapa hapa kisiwani Mombasa, nimeoa, nina mtoto wa miaka mitatu, na tunakaa na mamangu kwenye nyumba ya babangu, Mungu amrehemu, alifariki miaka minne nyuma. Nyumba ina gereji upande wa barabara, ya gari moja na nafasi inabaki, lakini gari halijaingia humo tangu mzee yuko hai, na siku hizi hata mtu kuingia lazima apite ubavu.

Humo ndani kuna nini, nikuambie tu uone mwenyewe. Baba alikuwa fundi wa mitambo bandarini, kwa hiyo kuna masanduku ya spana, jeki, minyororo, mashine ya boti ambayo haijawaka tangu niko darasa la sita, betri za gari zimekaa hapo zatoa unga mweupe, mafriji mawili mabovu, makopo ya rangi sijui ya mwaka gani, vipande vya asbestosi vya lile paa la zamani kabla hatujaweka mabati, jerikeni tatu zina kitu ndani lakini kama ni petroli au mafuta taa hakuna ajuaye. Halafu vya mamangu, masufuria makubwa ya pilau, masinia, majamvi, manake kwetu ndio huja kuazimwa vyombo kukiwa na harusi au matanga. Dadangu aliyeolewa Malindi kaacha maboksi ya vitabu na kitanda cha mtoto, kakangu yuko Doha na kila akija likizo huacha sanduku asema nitakuja kulichukua. Na panya. Usiku wakimbizana mpaka mtoto aamka.

Mwaka jana nilichukua mkopo wa sacco nikanunua Vitz, sio gari kubwa lakini ni jasho langu, na lalala nje barabarani. Washang'oa saidi mira, nikanunua ingine, wakang'oa tena, na hii hewa ya chumvi ishaanza kula chini ya milango.

Sasa shida ni mamangu. Ukitaja gereji tu, hicho cha babako, hicho kitafaa siku moja, hicho cha watu usikiguse. Juzi nilitoa kiti kimoja cha plastiki kimevunjika miguu miwili nikakipeleka kwa takataka, jioni narudi kazini nakikuta kimerudi pale pale na mamangu hanisemezi.

Mwezi ujao, Mfungo Sita, aenda Lamu kwa Maulidi na wenzake, atakaa wiki nzima. Mke wangu asema hii ndio nafasi. Nshaongea na jamaa mmoja wa vyuma chakavu, yuko tayari kuja na pikapu abebe kila kitu siku moja na anilipe juu. Na fundi wa kuchomelea kanipa bei ya rafu za ukuta mzima, ataka arbuni aanze. Shangazi, nifanye akiwa Lamu yaishe? Na kama sio hivyo nianzie wapi, manake nikifungua lile geti nachoka kabla sijagusa kitu.

Mwenye Vitz, Tudor

*

Waaleikum salaam mwanangu,

Usifanye akiwa Lamu. Naanza na hilo kwa sababu Mfungo Sita uko karibu na yule jamaa wa pikapu atakupigia simu. Mwambie asije.

Gari lako lafaa lilale ndani, na litalala ndani inshallah, hilo niko upande wako kabisa. Lakini vile vitu si vyako peke yako kuviuza. Umesema mzee kafariki miaka minne, hukusema kama mirathi ishagawanywa, na nyumba nyingi za kwetu huwa nyumba na shamba vikazungumzwa lakini vya gereji hakuna aliyevikumbuka. Spana ni mali. Mashine ya boti ni mali hata kama haiwaki. Kwa sheria yetu baada ya mazishi na madeni na wasia kama aliacha, kila kilichobaki kina wenyewe, mamako ana thumni yake, yaani fungu moja katika manane, kwa kuwa marehemu kaacha watoto, na kama wazazi wake yeye hawakuwa hai basi kinachobaki mwagawana nyinyi watoto, wa kiume mafungu mawili na wa kike fungu moja. Kwa hiyo ukipokea zile pesa ukatia mfukoni umekula haki ya mamako na ya dadako wa Malindi, tena bila ya kukusudia, na siku ya siku dadako akiuliza "zile spana za baba ziko wapi" utamwambia nini? Mkikwama Kadhi yupo, lakini kwa vitu vya gereji kikao cha nyumbani mara nyingi chatosha, mradi wote wakubali na muandike kwenye karatasi nani kachukua nini.

Halafu kuna jengine ambalo hujalifikiria. Watu wa umri wa babako walikuwa hawaweki karatasi kwenye faili, waziweka ndani ya mkebe wa biskuti, ndani ya sanduku la spana, chini ya droo. Hati ya shamba, stakabadhi za kazi, karatasi za pensheni, kitabu cha gari alilouza zamani. Yule jamaa abebe kila kitu siku moja, na wewe hujafungua hata mkebe mmoja? Hapana. Kila sanduku lifunguliwe na kila kitabu kipeperushwe kurasa, hata ikichukua siku nyingi.

Sasa mamako. Masufuria na majamvi umeyaandika mstari mmoja ukapita, mimi nimesimama hapo hapo. Mwanamke ambaye watu waja kumgongea mlango kukiwa na harusi, waja kumgongea kukiwa na msiba, yale masufuria ndio nafasi yake mbele za watu, na tangu awe mjane huenda ndio nafasi kubwa aliyobaki nayo. Wewe wamwambia "tusafishe gereji" na yeye asikia kila kitu kitatoka, vyake na vya mumewe, kwa pamoja. Ndio kile kiti kikarudi. Kiti hana haja nacho, kimevunjika miguu akifanyie nini, lakini kilitoka bila ya yeye kuulizwa na akaona basi kesho ni sufuria.

Kwa hiyo usimuombe gereji, muombe pahala pa gari tu. Vitz haifiki mita 4 urefu na upana wake ni kama mita 1.7, ukiongeza nafasi ya kufungua mlango na mtu kupita wataka kama mita 4.5 kwa mita 2.7 hivi. Chukua chaki, subiri mama amekunywa chai yake amestarehe, mwambie mama naomba uje uone jambo, kisha mchoree hapo barazani kwenye sakafu ule mstatili aone kwa macho yake ni kiasi gani. Mwambie hivi, mama mimi naomba hapa tu, na kuta zote tatu zabaki zako, na masufuria yako ntayaweka mbele kabisa karibu na mlango, mtu akija kuazima usisumbuke kuinama. Na hili la masufuria litimize kwanza kabla ya kitu kingine chochote, hata kabla ya kutoa kopo moja la rangi. Mama akiona vyake vimeoshwa vimepangwa viko karibu, mengine yatakuwa mepesi kuzungumza. Mtafutie na daftari litundikwe na kalamu pale mlangoni, nani kaazima nini na tarehe gani, kwa sababu nina hakika kuna masinia yake yako nyumba za watu mpaka leo na yeye aona haya kuuliza.

Nduguzo nao waingie kazini, hiyo gereji sio stoo ya Doha. Piga picha kila kitu chao, weka kwenye grupu ya familia ya WhatsApp, andika kwa adabu lakini weka tarehe: mpaka mwisho wa mwezi fulani uje, au utume mtu, au utuambie tumpe nani. Bila tarehe watakujibu "sawa kaka" na mwaka utaisha. Kitanda cha mtoto muulize dadako kama bado akitaka, kama hataki basi si lazima kiuzwe, hamtakosa mwenye mtoto mchanga hapo mtaani. Vitabu vya shule vikaguliwe haraka, vile ambavyo mtaala ushabadilika hakuna mwanafunzi atakayevitumia.

Haya, siku yenyewe ya kuingia. Ngojeni mama arudi, na mjaribu kumaliza kabla mvua za vuli hazijashika Oktoba na Novemba, manake vitu vitatolewa nje uani na mkinyeshewa mtarudisha vilivyo majimaji na kuvu itaota ndani ya wiki. Anza alfajiri baada ya kuswali, saa tano jua likikolea acha. Mtoto awe kwa jirani siku hiyo, si pale.

Cha kwanza kutoka ni vya hatari, na hapa sikubaliani na mtu. Zile jerikeni usizijaribu kwa kuwasha kiberiti eti uone kama ni petroli, watu washaungua hivyo. Zitoe nje kivulini, mbali na jiko na mbali na mtungi wa gesi, vifuniko vimekazwa, kisha muulize fundi wako wa gari, wengi wamjua mtu wa kuchukua mafuta na oili chafu. Usimwage mtaroni, huko kwenu mtaro waishia kwenye maji ya Creek ya Tudor na samaki tunaokula ni wa huko huko. Betri zishike kwa glavu, zisimame wima, usiziinamishe kwani ndani kuna asidi, na ule unga mweupe una madini ya risasi, mtoto wa miaka mitatu akishika akatia kidole mdomoni ni hatari kubwa kwa ubongo wake. Usizivunje wala usimruhusu mtu azivunje pale uani, ziuzwe zima zima. Mafriji ukishayatoa tu ng'oa milango siku hiyo hiyo, mtoto akiingia kucheza ikajifunga hatasikika. Rangi, fungua kopo, ikiwa imeganda ishakufa.

Na asbestosi, mwanangu hii naomba uisome taratibu. Usiivunje, usiikate, usiifagie. Vumbi lake hulioni na likiingia kwenye mapafu halitoki, maradhi yake yaja baada ya miaka mingi, na vile vile usimpe mtu akajengee banda la kuku. Ilowanishe maji, ifunge na nailoni nzito kama ilivyo, iweke pembeni ambapo hakuna mtu apita, kisha uliza NEMA, wale wa mamlaka ya mazingira, wakupe mtu mwenye leseni ya kuibeba. Ni gharama kidogo lakini hii ndio gharama moja katika barua yako yote ambayo nakwambia ilipe bila kunung'unika.

Panya nao, kinyesi chao usikifagie kikiwa kikavu. Mkojo wa panya waambukiza maradhi, kuna moja laitwa leptospirosi, na vumbi ukilivuta ni shida. Vaa maski na glavu na viatu vya kufunika, changanya Jik, ile dawa ya kung'arishia nguo nyeupe, kikombe kimoja na maji vikombe kumi, mwagia, ngoja kama dakika kumi, ndipo ufute na kutupa. Usije ukaichanganya Jik na ile asidi ya kuoshea choo, mvuke wake wachoma mapafu. Na kabla ya kutia mkono nyuma ya boksi piga na fimbo kwanza, nge na tandu wapenda pahala kama hapo.

Baada ya hapo usitoe gereji yote nje kwa siku moja. Watu hufanya hivyo, magharibi yawakuta ua umejaa, wamechoka, warudisha kila kitu ovyo na sasa ni pabaya kuliko mwanzo. Shika ukuta mmoja. Toa vya ukuta huo, amueni, osha sakafu, rudisha vinavyobaki, funga geti. Ukuta wa pili wiki nyingine. Mama mpe kiti kizuri kivulini na kahawa yake, aonyeshwe kitu kimoja kimoja, na uanze na vile ambavyo havina mtu ndani yake, makopo matupu, viti vilivyovunjika, mabomba ya plastiki, magunia yaliyooza. Akisema hiki kibaki, kibaki, usibishane, kiweke tu upande wa "ntauliza tena", na usishangae mwezi ujao akikwambia mwenyewe "kile kitu chatuzibia njia bwana, kitoe". Vya babako viwe mwisho kabisa, na siku hiyo muwe nyote, hata kakako wa Doha kwa video. Kila mtu achague kimoja cha kumkumbuka mzee, na spana nzuri zisiuzwe kwa kilo kama chuma. Kuna vijana wanaojifunza ufundi hawana hata spana namba 10, mkikubaliana mkampa mmoja wao sanduku zima kwa niya ya sadaka ya marehemu, mimi nadhani mamako atalitoa kwa mikono yake mwenyewe.

Kile cha kuuzwa kama chuma chakavu, haya, kiuzwe, lakini muulize mnunuzi leseni. Sheria ya vyuma chakavu ya 2015 yamtaka awe nayo na aandike amenunua nini kwa nani. Utakumbuka Januari 2022 serikali ilisimamisha biashara hii nchi nzima baada ya watu kuhujumu minara ya stima, ikafunguliwa tena Mei mwaka huo huo. Kwa hiyo uza mchana, kwenye mizani unayoiona, mpe nakala ya kitambulisho, chukua risiti, na pesa zitangazwe kwenye grupu siku hiyo hiyo. Waya wa shaba usiojulikana ulitoka wapi, au kitu chenye muhuri wa kampuni au ofisi yoyote, kiweke kando mjue asili yake kwanza. Nguo zilizo nzima peleka soko la Kongowea au toa sadaka. Taka zenyewe lipa anayezifikisha dampo la Mwakirunge, usimpe mtu wa mkokoteni kwa bei rahisi kisha uzione zimemwagwa pembeni ya barabara.

Vinavyobaki vihifadhi kwa hali ya hewa ya kwetu. Maboksi ya karatasi hapa Mombasa ni chakula cha mchwa na nyumba ya mende, tena yanyonya unyevu, badilisha yote uweke ndoo na masanduku ya plastiki yenye vifuniko, hata zile ndoo za rangi za lita 20 zikioshwa zafaa sana. Kitu kisiguse sakafu wala ukuta, chini inua kwa matofali au paleti, ukutani acha upana wa kiganja, hivyo mchwa akipanda utaiona njia yake ya udongo mapema. Majamvi yaanikwe juani vizuri kabla ya kukunjwa. Spana na vyuma zifute kwa kitambaa chenye oili kidogo, chumvi ya hapa haingoji. Godoro, nguo na karatasi za maana zisikae gereji kabisa, ziingie ndani.

Na gari likishaingia, injini isiachwe ikinguruma geti likiwa limefungwa, hata dakika chache, wala jenereta humo ndani. Ule moshi una kaboni monoksaidi, haina harufu, na mtu huanguka kabla hajajua.

Umeuliza rafu. Arbuni usitoe sasa. Saa hii wapimia rafu vitu ambavyo nusu yake vitaondoka, fundi atakujazia ukuta mzima vyuma na mtavijaza tena kwa sababu nafasi ipo. Kuta zote tatu zikishamalizika, gari likishaingia na kutoka siku kadhaa ukajua milango yafunguka mpaka wapi, ndipo umuite. Mwambie chuma si mbao, kwa sababu ya mchwa, kipakwe rangi ya kuzuia kutu kabla ya rangi ya kawaida hasa pale palipochomelewa, rafu ya chini iwe futi moja kutoka sakafuni ili ufagio upite, kina kisizidi sentimita 45 manake kikizidi cha nyuma hakionekani tena, na zifungwe ukutani kwa skrubu na plagi madhubuti, mtoto wa miaka mitatu hupanda. Ile ya karibu na mlango apimwe mamako kwanza, urefu wa kiuno chake, fundi aanzie hapo.